Mabakuli ya Fawzia

Atupele alitoka Mbeya kwenda Sydney kusomea udaktari wa falsafa. Alikuwa akilinganisha maisha ya Wakriki, wenyeji wa asili wa Marekani, na ya Waafrika waliowahi kuwa watumwa wao.

Mwaka 2021 korona ikaufunga mtaa wake wa Merrylands, na kazi yake ya usafi hotelini ikafa. Wanafunzi wa kigeni waliambiwa warudi kwao, utadhani ndege zilikuwa zinaruka! Alikula wali ambao Fawzia, jirani yake Mzanzibari, alikuwa akimwachia mlangoni. Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, naye hakuwa na hata nyanya ya kutia. Mabakuli yakarundikana dirishani, safi, yakimsuta.

Siku moja profesa wake, anayekaa mitaa ya ufukweni ya jiji hilohilo, alimpigia kwa video, nywele zikichuruzika maji ya bahari.

"Kazi yako haina uhai," alisema. "Nionyeshe jamii mbili jirani, moja imefungiwa, nyingine inajinafasi."

Atupele alipandwa na hasira. Akaigeuza kompyuta ielekee dirishani: mabakuli matupu, na ng'ambo ya barabara wanajeshi wakigonga kwa Fawzia kuhakikisha hajatoka.

Profesa akasogeza uso kwenye skrini.

"Hiyo ni nchi gani?" akauliza.