Msiba Uko Manassas

Genoveva anakaa Manassas, mji ambao watu wanarudi kulala tu. Alfajiri treni inampeleka Washington kuhudumia wazee, jioni inamrudisha. Kwa miaka mingi hakukosa msiba wa Mtanzania yeyote huko Washington. Alipanda treni na sufuria yake kubwa mapajani, akapika, akaosha vyombo, akalala sakafuni na wafiwa.

Mwaka 1998 mama yake akafariki Bukoba. Tito, mwenyekiti wa chama chao cha Watanzania, akapiga simu.

"Pole sana, dada. Msiba tutauweka kwangu, hapa mjini. Huko kwako ni mbali, watu hawatafika."

"Leo ndiyo kumekuwa mbali?" Genoveva alifoka. "Nilipokuja kumlilia baba yako, kulikuwa karibu?"

"Usikasirike, dada. Tunataka kukusaidia."

"Kunisaidia! Mimi nina nyumba, halafu mama yangu akaliliwe sebuleni kwako? Matanga yatakuwa hapa kwangu, na sufuria mnayoijua iko jikoni. Treni iliyokuwa ikinirudisha kutoka kwenye misiba yenu inakuja huku kila jioni, Tito. Ipandeni."