Sahani ya Baba Madina

Wanunuzi wa santuri ni watu wa kusumbua, nasema mimi Okochi niliyezeeka nao. Mtu anaingia dukani kwangu hapa Busia, upande wa Kenya, bendi haijui, wimbo haujui, anakuimbia puani, halafu anakasirika usipoutambua. Kwetu jazz ni magitaa, ngoma na tarumbeta, na ukitaka ya zamani, uiname mwenyewe upekue makasha mpaka vumbi likupigishe chafya.

Zubaida hakuimba. Alivuka kutoka Uganda siku ya soko, mwaka wa sabini na saba, wakati kwao wanajeshi walikuwa wameishika nchi na sabuni imekuwa kitu cha kuvukia mpaka. Alisimama mlangoni na kikapu.

"Mzee, natafuta sahani ya santuri, ya zamani. Ya Baba Madina."

"Baba Madina ni bendi ama ni wimbo?"

"Ni yeye tu. Baba Madina."

Tukapekua. Siku hiyo hatukupata kitu, wala soko lililofuata. Nilimtania kwamba huyo Baba Madina labda alirekodi usingizini. Hakucheka, hakununa. Ilikuwa kama kusema na ukuta, na mimi ukuta siuwezi, kwa hiyo nilifoka.

"Mama, sahani hazipangwi kwa majina ya watoto! Huyo mtu ana jina lake. Litaje."

Akainamia kasha, akaendelea kupekua. Hapo akili ikanirudia. Kwao Waislamu wa mjini na kwetu Wasamia ni mamoja: mke mwenye heshima hamtaji mumewe, humwita kwa jina la mtoto.

"Wanajeshi walimchukua nyumbani Tororo, mchana," akasema. "Nikaenda kambini kuuliza. Wakasema, taja jina. Mdomo ikakataa. Nikasema Baba Madina. Wakacheka, wakanifukuza. Mpaka leo najiuliza, kama ningetaja?"

Aliyasema hayo kama mtu anayesema mvua imekatika.

Akaangalia kikapu chake. "Nasuru," akasema. "Anapiga tarumbeta. Osukuru Jazz."

Osukuru Jazz! Mbona hiyo ilikuwa chini ya meza yangu, nimeigeuza kifuniko cha birika. Nikaifuta kwa shati, nikashusha sindano. Magitaa yakatangulia, kisha mwimbaji, kama ilivyo desturi ya bendi zetu, akaanza kuwaita wenzake kwa majina, kila mmoja apige. Akafika wa mwisho.

"Nasuru! Nasuru, uko wapi?"

Na tarumbeta ikaitika, sauti ndefu, yenye maringo.

Nikamtazama Zubaida. Uso wake ulikuwa vilevile. Mimi ndiye niliyetokwa na machozi, mzee mzima, na hasira nisiyojua nimpelekee nani.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha sindano. Akaitwa tena, akaitika tena. Mteja mwingine aliingia, nikamwambia duka limefungwa, na mlango uko wazi.

Wimbo ulipokwisha, niliifunga sahani kwenye gazeti nikamwekea kikapuni. Aliitoa, akailaza mezani taratibu.

"Wacha ikae kwako, Mzee. Kwetu hiyo swali ya 'uko wapi' hatuulizi."

Akajitwika kikapu, akaenda kutafuta sabuni.