Viza ya Shangazi

Mtaa mzima wa Jadida ulijua kuwa Thuraiya binti Nassor anafanya kazi Ulaya, na Jadida nzima ilikuwa ikimwona kila asubuhi akinunua mandazi kwa jirani. Ndizo kazi za siku hizi hizo. Kampuni iko Ulaya, yeye yuko Wete, Pemba, katika chumba cha uani, kompyuta ameiweka juu ya meza ya cherehani ya marehemu bibi yake, anasahihisha tafsiri za watu. Mshahara ulikuwa ukiingia benki kila mwezi, na haukuwa haba. Taabu ilikuwa umeme. Ukikatika unakwenda na mtandao, na kampuni haiijui Jadida wala haina haja ya kuijua. Mwaka ule baada ya korona walimwandikia mara mbili kuwa akichelewesha kazi tena, basi.

Thuraiya hakuwa mtu wa kubahatisha. Alishaachika mara moja, akarudi kwao na sanduku moja, na tangu siku hiyo hakufanya jambo bila ya kulipigia hesabu. Akanunua daftari, akaorodhesha nchi zinazotoa viza kwa watu wanaofanya kazi kwa mtandao. Unakaa kwao, unalipwa na wengine. Dubai akaifuta mapema, maana kipato walichokitaka hakukifikia hata nusu. Kikabaki kisiwa cha Morisi. Hao walitaka kuona mapato ya kila mwezi, bima ya afya, pahala pa kukaa na tiketi ya kurudi, na vyote aliviweza. Chini yake akaandika kodi ya nyumba, chakula, bima, cha kumletea mama. Mwisho akapiga mstari mwekundu na kuandika: akiba ya miezi sita, isiguswe. Kwa ajili ya mstari ule alijinyima miaka miwili, Idi nne zikapita hajashona nguo.

Akampelekea mama yake habari. Bi Mwanabaraka alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Morisi una nani?"

Thuraiya hakuwa na mtu Morisi. Na kwetu, jamani, mtu hendi pahala asipokuwa na mtu. Hata akipelekwa hospitali Unguja na homa yake, kwanza huulizwa atafikia kwa nani. Sasa utoe pesa zako ukapange kwa watu usiowajua, na wewe una shangazi wa damu Maskati? Hiyo haikuwa safari, alisema mama, hiyo ni kuwatukana jamaa mchana kweupe. Bi Jawaher, dada wa baba yake Thuraiya, aliondoka Pemba msichana mdogo akaolewa huko, ana nyumba ya ghorofa mbili na umeme usiojua kukatika. Akapigiwa simu siku ileile. Akasema mtoto wa kaka yake hatalipia viza hata senti moja na yeye yu hai, atamtolea yeye, bure. Bi Mwanabaraka akalia kwa furaha. Machozi hayajakauka, akakumbusha kuwa ile akiba sasa haina kazi, na paa la nyumba linavuja.

Ati haina kazi! Mwanamke aliyejinyima miaka miwili angejibu neno hapo. Thuraiya alikwenda benki kuzitoa pesa, kwa sababu mama ni mama, na kwa sababu mvua ikinyesha walikuwa wanakinga maji kwa ndoo tatu. Mstari mwekundu ukaguswa. Nyumba ikaezekwa bati za kijani, ikang'ara kuliko zote mtaani.

Kule Maskati, wiki ya pili, akapewa bataka, kile kitambulisho cha ukaazi. Kiarabu alikisoma chuoni na skuli, kwa hivyo aliisoma papo hapo akiwa amesimama. Mdhamini: mume wa shangazi. Kazi: mtumishi wa ndani. Akaisoma tena, labda amekosea. Shangazi akacheka, akamshika bega.

"Karatasi tu hiyo, mwanangu. Ndiyo viza nyepesi kupatikana. Nani atakuita khadama nyumbani kwangu?"

Na kweli, hakuna aliyemwita. Wiki za mwanzo alikula nao meza moja, akafunga mlango wake, akafanya kazi yake. Kisha yule khadama waliyekuwa naye akamaliza mkataba akarudi kwao, na hakuletwa mwengine. Wageni wakija, Thuraiya hebu tupatie kahawa, wewe si mgeni hapa. Watoto hawajala, Thuraiya. Shangazi mgongo unamuuma, Thuraiya. Yote kwa upole, yote kwa mwanangu na mpenzi wangu, na kompyuta ikawa inasubiri vyombo vioshwe. Roho ilimuuma, lakini alijikaza. Mshahara uliingia, na alijiambia kuwa akiijaza ile akiba upya, Morisi bado iko palepale.

Mwezi wa tatu tangu afike Maskati, kampuni ikataka kufunga naye mkataba mpya. Wakaomba jambo dogo: karatasi ya kuonesha kuwa pale anapoishi anaruhusiwa kufanya kazi hiyo. Karatasi alikuwa nayo moja tu. Aliitazama siku mbili nzima, halafu akaipeleka, maana uongo hakulelewa nao. Jibu lilikuja la adabu sana. Kitambulisho chake kinasema ni mtumishi wa nyumba ya mtu fulani; mpaka apate kibali chengine, kazi itasimama mwisho wa mwezi.

Akamwangukia shangazi, bataka ibadilishwe. Bi Jawaher aliumia, tena aliumia kwelikweli. Alimuuliza kama amewahi kumlaza na njaa, kama amewahi kumpandishia sauti, na watu watasema nini wakisikia amemleta mtoto wa kaka yake kama khadama. Thuraiya akaomba basi pasipoti yake, iliyowekwa kabatini pamoja na dhahabu za shangazi isije ikapotea. Ilichukua wiki saba kutoka. Kulikuwa na Ramadhani, na wageni walikuwa wengi. Siku alipoishika mkononi, nafasi yake kazini ilishapewa mtu mwengine, na akiba yake ilikuwa juu ya paa, Jadida.

Aliporudi Wete, jirani walikuja alasiri kumpokea, wakaketi barazani na halua na kahawa. Bi Mwanabaraka alishawaambia kuwa mwanawe amekuja kupumzika. Simu ikaita. Mama akaiweka sauti kubwa kila mtu asikie, akamsogezea.

"Mshukuru shangazi yako."

Akamshukuru. Angefanya nini mbele za watu? Bi Jawaher akasema nyumba imepwaya, watoto wanamlilia. Akasema tena kuwa amesikia Hind, mdogo wake Thuraiya, kamaliza skuli na anaipenda kompyuta. Basi aje, viza ipo, bure. Wanawake wakasema mashaallah. Hind akatokeza mlangoni anacheka mpaka jino la mwisho, na pasipoti mkononi, mpya. Mama alishaishughulikia kitambo, bila ya kumwambia mtu.

Thuraiya akazitazama zile bati za kijani. Kisha akaisogelea simu, akasema taratibu:

"Shangazi, huyu kwenye karatasi iandikwe kuwa ni mtoto wa kaka yako."

Bi Mwanabaraka akanyoosha mkono, akaizima simu.

"Mtandao huo," akawaambia wageni. "Siku hizi unakatika sana."

Halafu, bila ya kumwangalia usoni, akamwambia Thuraiya ainuke awamiminie watu kahawa. Akainuka, akamimina. Hind alikuwa bado amesimama mlangoni na pasipoti yake, anamtazama dada yake kwa hasira ya mtu aliyeharibiwa safari.