Mteja Aliyejiita Kibati

Wadau, hili lilinikuta kwenye kabati la marehemu baba yangu.

Tulikuwa tumeshamzika, watu wametawanyika. Mama akanituma nikatoe nguo zake zigawiwe. Nikasogeza mashati, nikakuta vigari vyangu vimepangwa foleni.

Vigari vyangu mimi. Nilivyomuuzia mtu nisiyemjua, anayejiita Kibati.

Nikiwa bado nimeshika kimoja, simu ikalia mfukoni.

Kibati: "Fundi, nataka pikapu ya kijani. Ile ya kizamani."

Nikakaa kitandani. Siku nyingine ningepiga kelele. Ila siku zile nilikuwa na ganzi mwili mzima, hata chai nilikuwa nakunywa bila kujua kama ina sukari. Niliisoma ile meseji, nikairudisha simu mfukoni.

Niwaeleze kidogo. Mimi nachukua vigari vya chuma, vile vya kuchezea vinavyoenea kiganjani. Natoboa ribiti za chini, vile vipini vinavyoshikilia bodi, navua bodi, naondoa rangi ya kiwandani, napiga yangu. Nabadilisha magurudumu, nachora taa kwa kijiti cha meno. Kisha napiga picha, naweka mtandaoni.

Baba alikuwa fundi rangi wa magari ya kweli. Nilipomwonyesha kigari changu cha kwanza alikitazama, akakirudisha mezani.

"Mtu mzima na midevu yako, unacheza na vigari?"

Tangu hapo ikawa shikamoo, marahaba, basi.

Msibani sikutoa hata chozi. Shangazi akawaambia watu nina roho ya chuma. Nilikuwa nataka kujua kitu kimoja tu, kama yule mzee aliwahi kunihesabu kuwa fundi. Na mwenye jibu ndiye huyo tuliyemfukia.

Sasa huyu Kibati. Alikuwa ananiandikia kule kule mtandaoni, namba yake sikuwahi kuiona. Mteja wangu mkubwa, na mkorofi kuliko wote. Mzigo nilikuwa namwachia kwenye duka moja la mtaani, anaupitia kwa wakati wake, hatukuwahi kuonana. Na kila gari lazima alikute na kasoro.

"Fundi, rangi imelia mlangoni."

"Fundi, umepiga koti la pili la rangi kabla la kwanza halijakauka."

Imelia! Yaani imechuruzika. Baba peke yake ndiye niliyewahi kumsikia akisema hivyo, na mimi kwa uzembe wangu nikadhani mafundi rangi wote ndivyo wanavyosema.

Nikavisogeza vigari dirishani. Ule mlango uliolia ulikuwa umesuguliwa na kupigwa polishi hadi unang'aa. Karibu kila gari lilikuwa limerekebishwa pale pale Kibati alipolalamikia.

Basi Kibati ni baba. Sawa. Lakini maiti haitumi meseji.

Nikaenda sebuleni. Mama amekaa, miwani puani, simu mkononi.

"Umeuona ujumbe wangu?"

Nikatoa simu yangu, nikaufungua tena ule ujumbe.

"Mama, Kibati ni wewe?"

"Vidole vyangu, maneno yake. Baba yako simu ya kupangusa aliijulia wapi?"

"Mbona hakuniambia mwenyewe?"

"Kwani mdomo wa baba yako huujui? Yeye anatukana, mimi naandika 'fundi'. Hapo nimekupunguzia."

"Alikuwa anatukana nini?"

"Achana nayo. Keshajiendea."

Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka.

"Hakuwahi kusifia hata moja?"

Mama akafikiri. "Kile kibasi cheupe. Alikaa nacho asubuhi nzima, anakigeuzageuza. Mwisho akasema, leo usiandike kitu."

Nikarudi chumbani, nikakitafuta pale dirishani, nikakikagua kila upande. Hakuwa amekisugua popote. Nadhani nilifurahi. Ila ganzi ilikuwa pale pale.

"Na hii pikapu ya nini?" nilirudi kumuuliza mama.

"Ndilo gari la kwanza baba yako kulipiga rangi ujanani. Alisema akitoka hospitali nimwagizie." Akavua miwani. "Hakutoka. Mimi nimeagiza."

Basi nikaitengeneza. Nilifanya kila kitu kama mashine, bila furaha bila huzuni. Ilipokauka sikuipeleka dukani, nilimpa mama mkononi.

Akaenda nayo kwenye mwanga. Akaizungusha, akaiinamisha, jicho moja kalifumba, anamwiga mzee.

Juu ya boneti kulikuwa na punje ya vumbi imenasa chini ya vanishi. Baba angeiona akiwa bado mlangoni.

"Imependeza, mwanangu. Sioni kosa."

"Angalia vizuri, mama."

"Nimeangalia. Haina kosa."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti hadi jirani akaja kubisha hodi, na mama akamwambia ni dawa ya kutolea rangi imeniingia machoni.

Funzo langu ni dogo tu, wadau. Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayekukosoa kila kitu, usimkimbie. Kaa naye, mbishane. Kusifiwa utasifiwa na yeyote anayekupenda. Anayeiona punje ya vumbi ni mmoja, na akishaondoka, utabaki unaambiwa umependeza.