Kiganja cha Sila

Anyesi alizaa mtoto mmoja tu, Sila, ndiyo maana mpaka leo tunamwita Mama Sila. Mtoto huyo alifariki ana miaka tisa, kwa homa ya siku mbili, na hakuwahi kupigwa picha. Alichoacha ni kiganja. Siku moja mama yake akikandika tembe lao, nyumba ya udongo yenye paa bapa, kule Mtumba, mtoto aligandamiza mkono kwenye udongo mbichi karibu na mlango. Anyesi alimchapa. Baadaye, kila mwaka baada ya mavuno alipokandika upya, alizungusha udongo pembeni ya kile kiganja. Miaka ishirini na sita, wala hakumwambia mtu.

Mwaka jana ikapimwa barabara, tembe likawekwa alama nyekundu. Lilikuwa livunjwe Jumatatu.

Akamtafuta Ludovick, mpiga picha wa mjini anayetumia kamera ya zamani, picha nyeusi na nyeupe. Kijana alikuja kwanza kutazama. Akamweleza kwamba ndani mna giza, rangi hazitatoka, lakini nyeusi na nyeupe itaonyesha hata alama ya kidole, jua la saa nne likipita mlangoni. Akamsihi asiguse kitu hadi Jumamosi.

Sisi wanawake wenzake wa kanisani alituambia tu kwamba nyumba yake itapigwa picha ndani. Basi yeye ni mjane, hana binti wa kumsaidia, na mgeni haingizwi kwenye nyumba yenye nyufa. Jumamosi asubuhi, yeye ameenda stendi kumpokea Ludovick, mimi, Ruthu na Emiliana tukaingia na ndoo za udongo na samadi. Tulitaka kumfurahisha.

"Tumpake poda bibi harusi," Emiliana akasema, "katapila limkute anapendeza."

Tulicheka. Mimi nilichukua upande wa mlango. Nikakuta mahali pamebonyea, nikapajaza, nikapalainisha kwa vidole.

Walipofika, Anyesi alisimama kizingitini akitazama ukuta.

"Nani amekandika hapa?"

"Mimi, dada."

"Mungu akubariki," akasema.

Kisha akapiga magoti, akalowesha pembe ya kanga, akaanza kufuta polepole. Udongo mpya ukatoka, na wa zamani ukatoka nao, mpaka miti ya ukuta ikaonekana. Nikamuuliza anatafuta nini. Ndipo akatuambia habari za kiganja, kwa sauti ya kawaida, bila kugeuka. Ruthu alianza kuomba, akashindwa kumaliza. Mimi sikuweza hata kuanza.

Ludovick aliuliza kama aondoke.

"Piga tu, baba. Umetoka mbali."

Jumatatu katapila lilimaliza kabla ya chai ya saa nne. Sasa Anyesi anakaa chumba cha uani kwa kaka yake, huko Miyuji, na ibadani haji tena kama zamani. Anasema magoti. Sijui. Picha ameiweka ndani ya Biblia. Vyote vimo: jiwe la kusagia, kibuyu, miti ya dari iliyoliwa na moshi. Karibu na mlango pana kidonda kipana kama sahani, palipochimbwa, na kukizunguka ni udongo wetu.

Nikienda kumsalimia huitoa akanionyesha, nami huitazama, maana nikikataa nitakuwa nimemwacha peke yake. Alama za vidole zinaonekana moja moja, kama yule kijana alivyosema. Ni za vidole vyangu.