Mshika Kufuli wa Baba

Jirani na ninapoishi kuna mafundi wa pikipiki. Ikifika saa nne asubuhi, jua likishaichemsha ile oili chafu waliyomwaga chini, harufu yake inaingia ndani hata nikifunga dirisha. Majirani wanalalamika. Mimi huacha ninachofanya nikaivuta kidogo, maana ndivyo Baba alivyonukia siku za Jumamosi. Na nikwambie ukweli, msomaji wangu, hainipi raha.

Baba alikuwa fundi cherehani. Tulikaa Sakina, naye alikuwa na kibanda sokoni Kwa Mrombo, upande mwingine kabisa wa mji, na alikwenda huko kwa baiskeli. Ile ya kwanza iliibiwa nje ya kanisa ikiwa imefungwa kwa kikufuli chembamba, yeye akiwa ndani anaimba na kwaya. Alipopata nyingine, alikwenda kwa mafundi wa malori pale Sakina akarudi na mnyororo mnene kuliko kidole gumba changu, na kufuli la kutosha kufunga ghala. Kila wiki aliupaka oili chafu usishike kutu. Mama alimwuliza kama anafunga baiskeli au tembo.

Shida ilikuwa kuubeba. Keria nilikalia mimi kila Jumamosi, na siku nyingine ilijaa nguo za wateja. Kwa hiyo Baba aliuvaa mwenyewe, kutoka bega la kushoto hadi kiunoni upande wa kulia, juu ya koti kuukuu alilolitenga kwa kazi hiyo, kufuli likimlalia kifuani. Mama mmoja aliyeuza ndizi karibu na kibanda chetu hakuacha kumtania. "Fundi, naona leo tena tai ya chuma." Baba alimjibu kwamba za kitambaa amewashonea wateja zikaisha. Mimi kule nyuma nilijiona mtoto wa askari.

Nilipokuwa darasa la nne akaacha kuuvaa. Hakusema sababu, nami sikuuliza. Kwanza aliuzungusha kwenye bomba la chini ya siti, ukawa unalegea njiani na kumgonga kisigino. Akauhamishia kwenye usukani. Huko ulivuta baiskeli upande mmoja, na siku moja karibu na Mbauda nusura tuingie mtaroni. Ndipo aliposhuka, akanitandikia gunia mapajani, akaulaza mnyororo juu yake.

"Kuanzia leo wewe ndiye mshika kufuli," alisema.

Kichwa kilinivimba. Shuleni niliwasimulia wenzangu cheo changu mpaka wakanikimbia.

Lakini mnyororo ni mnyororo. Baada ya Jumamosi chache nilianza kuuchoka. Uliniumiza mapaja, gunia liliteleza kwenye mashimo, na oili ilipenya mpaka kwenye sketi. Kisha Pasaka ikafika, na Baba akanishonea gauni la njano lenye marinda matatu na mfuko mdogo pembeni, ambao hata sikumwomba. Jumamosi iliyofuata niling'ang'ania kwenda nalo sokoni ili yule mama wa ndizi alione. Jioni tulipofunga kibanda, Baba alinijia na gunia na mnyororo, nami nikarudisha mikono nyuma.

"Baba, utanichafua. Si uuvae wewe kama zamani?"

Alinitazama, kisha akalitazama gauni.

"Kweli," alisema. "Nguo niliyoishona mwenyewe nitaiharibuje? Haya, panda, mama."

Akauvaa taratibu, kichwa kwanza, halafu mkono.

Kutoka Kwa Mrombo kurudi Sakina njia inapanda. Zamani Baba aliimaliza kwa mkupuo mmoja huku akipiga mluzi. Siku ile tulisimama mara tatu. Mara ya kwanza alisema tumpumzishe punda, nikacheka. Mara ya pili aliinama kama anayekagua tairi. Mara ya tatu alinishusha, akauegemea usukani akiwa amenipa mgongo.

"Hebu angalia mlima," alisema. "Leo Meru imetoka yote."

Niliangalia. Mawingu yalikuwa yameufunika mpaka kwenye migomba.

"Mbona hauonekani, Baba?"

"Wewe angalia tu."

Nikaendelea kuangalia, nikidhani ni mchezo wake mwingine. Nyuma yangu nilisikia kufuli likigongagonga vifungo vya koti kila alipovuta pumzi. Sikugeuka. Tulifika nyumbani giza linaingia, na gauni langu halikuwa na hata doa moja. Nililala na furaha.

Baada ya mwezi ule Baba hakuendesha tena baiskeli. Sisi watoto tuliambiwa moyo wake umechoka. Kabla sijaanza darasa la tano tulimpeleka kwao Machame, tukamzika kwenye kihamba, shamba la ukoo, jirani na baba yake.

Nilikuwa na watoto wangu tayari siku Mama aliponisimulia yaliyobaki. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, nikamwuliza ugonjwa wa Baba ulianza lini. Akasema daktari alimkataza Baba kubeba kitu chochote kizito, miezi kabla ya sisi kujua anaumwa.

"Nikamsihi aache ile baiskeli apande gari," alisema Mama. "Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mnyororo ameshapata wa kumbebea."

Alicheka kidogo akaendelea kumenya. Hakujua amenieleza nini, na mpaka leo sijamwambia.

Najua gauni la mtoto haliui mtu. Nimewauliza wanaojua, wakanihakikishia kwamba moyo ulioharibika vile ungesimama tu. Nawaamini. Kinachoniuma ni kwamba angeweza kusema, "Naumwa, mwanangu, nisaidie," nami ningeubeba ule mnyororo hata kwa meno. Hakusema. Katika ugonjwa wake wote alinipa mzigo mmoja tu, nikamrudishia, naye akaupokea.