Kabichi Niliyoipeleka Wodini

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka uso hunishuka.

Nilikuwa kijana, nimerudi Kigali kutoka Bukoba nilikolelewa. Wanawake wa mtaa wetu hapa Kibagabaga tulilima bustani moja bondeni. Jembe kwa pamoja, mavuno kwa mafungu. Hata aliyelala na homa alipata fungu lake. Mimi nilikuwa na nguvu, na mdomo pia. Nikachoka kumlimia Daphroza, aliyechelewa kila mara na kushika kiuno kila akiinama. Nikasema kikaoni, "Kila mtu apewe kipande chake. Mvivu na ale uvivu wake." Wakakubali.

Sitakudanganya, kipande changu kilinipa raha. Nilipanda nilichotaka, nikaweka samadi bila kumngoja mtu, kabichi zikafunga kuliko zamani zote. Cha wote hakina mwenyewe, hilo ni kweli. Lakini changu kilikuwa juu, cha Daphroza chini, na mfereji ni mmoja. Jua lilipokaza nikauziba kwa udongo, maji yakabaki kwangu. Daphroza haonekani. Nikasema moyoni, si nilijua?

Ndipo akanipitia mukecuru Vestina, mkubwa wetu kwa umri, aliyekulia Burundi. "Chuma kabichi moja twende hospitali. Daphroza iko mgonjwa."

Tulimkuta amekonda, amepasuliwa figo. Usilolijua ni usiku wa giza: kumbe kile kiuno hakikuwa uvivu. Aliipokea kabichi kwa mikono miwili, akaikumbatia.

"Imetoka kwangu? Dada, kumbe ulikuwa unanimwagilia! Nilimwambia mume wangu, yule iko juu yangu, hawezi kuacha zangu zikauke."

Nami, mwanangu, nikatabasamu. Nikapokea shukrani isiyo yangu.

Langoni Vestina alisimama. "Mimi iko mzee, lakini macho inaona mfereji," akasema. "Kuziba maji ni vibaya. Lakini ile kucheka yako pale kitandani! Rudi. Nitakungoja hapa."

Nikarudi. Maneno yalitoka vipande vipande. Daphroza aliniangalia, akaiweka kabichi kando, akageukia ukutani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jioni ile niliuzibua mfereji, lakini mimea yake ilikwisha kufa. Aliporuhusiwa, sote tukamlimia upya. Misimu ikapita kabla hajaniita dada tena.

Siku hizi vijana mnaniuliza lipi bora, bustani ya pamoja au kila mtu na kipande chake. Vyote vinalisha, mwanangu. Cha peke yako kitakufundisha bidii. Cha pamoja kitawalazimisha muulizane, "Fulani mbona hayupo?" Ukichagua cha peke yako, kuuliza huko kunabaki juu yako, maana mpaka wa shamba hauulizi. Gawaneni ardhi mkitaka, lakini maji acheni yawe ya wote, na mgonjwa awe wa wote. Tena ukishukuriwa kwa usilolitenda, sema palepale, ulimi ungali mwepesi. Kila ukingoja, unazidi kuwa mzito.

Imana, Mungu wetu, akujalie udongo mwema, na akulinde usije ukaogopa kumtazama jirani yako machoni.